Mhariri, namba kubwa zina mengi kuliko urefu wake

Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, nina ombi. Kila ikitangazwa namba tasa mpya kubwa kuliko zote, habari inaishia kwenye urefu tu, kama ile ya Oktoba 2024, 2 kwa kipeo cha 136279841 ukitoa 1, tarakimu zaidi ya milioni 41, basi imeisha hapo. Mtu anabaki kushangaa ukubwa na kuamini haya ni mambo ya kompyuta, yeye hayamhusu. Si kweli jamani, mengine unayafanya kwa kalamu tu.

Chukueni 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1. Inaishia na 7 kwa hiyo 2 na 5 haziingii, tarakimu zake jumla ni 59 kwa hiyo 3 nayo haimo. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa na zote zimeundwa hivyo hivyo (vipeo 1, 2, 4, 8, 16, halafu unaongeza 1), akaamini kwamba hii inayofuata nayo ni tasa na nyingine zote mbele yake. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641, jibu 6700417.

Hapa ndo pana utamu na ndo magazeti hayafiki. Huna haja ya kujaribu kila namba maana kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, sheria aliyoithibitisha Euler mwenyewe, kwa hiyo kabla ya 641 kuna nne tu za kujaribu: 193, 257, 449 na 577. Halafu angalieni, 641 ni 5 mara 128 ongeza 1, na hiyo hiyo ni 625 ongeza 16. Ukigawa kwa 641, basi, 5 mara 2 kwa kipeo cha 7 inabaki hasi 1 (yaani imepungua 1 tu kugawanyika sawasawa), ipandishe kipeo cha 4 unapata 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 inayobaki 1, weka hasi 16 mahali pa 625 (16 ni 2 kwa kipeo cha 4), na 2 kwa kipeo cha 32 inabaki hasi 1. Ongeza 1, baki sifuri! Mistari mitatu, bila kalkuleta, mimi naona ni kitu kizuri mno kumnyima msomaji.

Kwa hiyo naomba habari hizi ziwe na kaboksi kadogo kanakosema namba ilikaguliwaje. Iko ya familia hiyo hiyo ya Fermat, ambayo kipeo cha 2 ndani yake nacho ni 2 kwa kipeo cha 24, tarakimu 5,050,446, imeshathibitishwa kwa kipimo cha Pépin cha mwaka 1877, njia ya kujua kama namba za familia hii ni tasa bila kutafuta vigawo, kwamba si tasa, lakini mpaka leo hakuna anayejua hata kigawo chake kimoja. Hiyo mkituandikia vizuri mimi nitaisoma mpaka nukta ya mwisho.

Msomaji wenu