Kwa nini tunatoza shilingi 30,000 "kwa kufuta vumbi tu"

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja aliandika kwenye kundi la wateja kwamba tumemtoza shilingi 30,000 kwa kazi ya kufuta vumbi kwenye pedeli za usukani wake wa gemu, ambayo mwanawe angeifanya bure kwa kitambaa. Hakuwa wa kwanza kulalamika hivyo, na kwa kuwa wengine walimuunga mkono, tumeona ni haki kueleza fedha hiyo inalipia nini.

Wateja wengi wanaofika kwenye karakana yetu hapa Kirumba, Mwanza, wana michezo miwili nyumbani: usukani wa gemu kwa ajili ya mashindano ya mtandaoni, na njia ya vigari vya mfereji, yaani vile vigari vidogo, vingi vikiwa vya kipimo cha 1:32 (gari halisi lililopunguzwa mara 32), vinavyopokea umeme kutoka kwenye reli mbili zilizo kandokando ya mfereji. Michezo hii hukaa vizuri pamoja. Jioni intaneti inapozorota, familia huhamia mezani kwenye vigari, na kidole kilichozoea kuachia rimoti kabla ya kona kinafanana sana na mguu unaojua kuachia breki polepole kwenye usukani. Lakini michezo yote miwili ina adui mmoja, nayo ni kontakti chafu, yaani uchafu pale sehemu za chuma zinapogusana kupitisha umeme.

Tuanze na pedeli. Ndani ya pedeli za usukani wa Logitech G29, na za nyingine nyingi za daraja lake, kuna potenshiometa, ambamo kidole kidogo cha chuma hutembea juu ya utepe wa kaboni na kompyuta husoma mahali kilipofika. Vumbi likiingia hapo, kompyuta huona breki imekanyagwa ilhali mguu uko hewani, na gari hupunguza kasi katikati ya mbio bila sababu. Mteja tunayemzungumzia alichukua ile dawa ya kupuliza ambayo mafundi wa magari huitumia kulegeza nati zenye kutu, akapuliza kupitia tundu la pembeni. Pedeli zilipona kwa siku kadhaa, kwa sababu mafuta yalisukuma vumbi kando. Kisha mafuta yenyewe yakabaki, yakanasa vumbi jipya, na zilipotufikia ndani mlikuwa na tope jeusi. Tulifungua skrubu, tukatoa potenshiometa zote tatu, tukaziosha kwa dawa ya kontakti inayokauka bila kuacha mafuta, tukazifunga, tukapima upya mwendo wa kila pedeli kwenye kompyuta, na kesho yake tukazijaribu kwa mbio kamili kabla ya kumpigia simu. Angezileta kabla ya kupuliza, tungemaliza siku ileile.

Kwenye njia za vigari, njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni msasa. Mtu anaona reli zimefifia, kigari kinakwenda kwa kushtukashtuka, naye anasugua reli hadi zinang'aa kama sufuria mpya. Siku hiyo kigari hukimbia vizuri, na hapo ndipo anapodanganyika. Reli za njia nyingi ni za chuma chenye ngozi nyembamba ya kukilinda. Msasa huiondoa, na kwa unyevu wa hapa ziwani kutu haichelewi. Wanaoishi karibu na maji, kuanzia Bwiru hadi Capri Point, wana mzigo mwingine: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hufia ndani ya mfereji na kukaukia humo. (Wakija, funika njia kwa shuka. Ushauri huo hatuutozi.) Sisi hufuta reli kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, kisha kwa kifutio cha penseli palipogoma, kipande kwa kipande. Njia ya mita kumi ina vipande visivyopungua ishirini, na kila kimoja lazima kichomolewe, kwa kuwa uchafu mbaya zaidi hujificha kwenye maungio.

Kuhusu maungio, kuna mteja wa Nyegezi aliyeshikilia kwamba tumemuuzia adapta dhaifu, kwa sababu vigari vyake vilichoka kila vilipofika upande wa mbali wa njia. Hakutusubiri. Alifunga adapta ya volti 24 kwenye mota zilizotengenezwa kwa takriban volti 12, na mota mbili zikaungua jioni moja. Adapta ya awali ilikuwa nzima kabisa. Umeme ulikuwa unapotea kidogo kidogo kwenye kila ungio lililolegea. Tulichomelea nyaya mbili kutoka kwenye chanzo hadi upande wa mbali, na tatizo likaisha. Nyaya hizo ziligharimu fedha kidogo kuliko mota moja.

Kigari chenyewe nacho kina kanuni zake. Visuko vya shaba vilivyo chini yake, vinavyogusa reli, vikichakaa hubadilishwa. Kuvikunjua kwa sindano kila wiki ni kuahirisha tu. Bushi, yaani vipete vinavyoshikilia ekseli, hutaka tone moja la mafuta, tena la ncha ya kijiti. Yakizidi, huingia kwenye mota au humwagikia matairi, na kigari kinateleza kila kona.

Tunakubali pia kwamba kuna kitu hatuwezi kukisafisha. Gari la mpinzani likirukaruka kwenye mbio zilizo kwenye seva ya Ulaya, si lazima usukani uwe mbovu. Taarifa husafiri kwenye nyaya za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na safari ya kwenda na kurudi kutoka Mwanza inazidi kilomita 12,000, kwa hiyo milisekunde 60 zimekwisha kabla ya kuhesabu mizunguko ya njiani. Tunachoweza kufanya ni kukuvutia waya kutoka kwenye ruta ili uachane na Wi-Fi inayopenya kuta tatu, na kazi hiyo ina bei yake ubaoni.

Vipuri vingi tunaviagiza kutoka nje, na kipande cha njia kilichoharibiwa na msasa hakitengenezeki, hununuliwa kingine pamoja na usafiri na ushuru wake. Vipande sita vya aina hiyo tumeviweka kaunta, vina kutu ya rangi ya udongo, na kando yake kipo kimoja cha umri uleule ambacho hakijawahi kuguswa na msasa. Anayeona shilingi 30,000 ni nyingi apite ashike vya aina zote mbili kabla hatujafungua kifaa chake.