Kabla hujakatwa taya

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako ya kutaka taya ipunguzwe ili uso uwe mwembamba nimeisoma, na picha zako nimezitazama vizuri. Kabla hujalipia tiketi ya Seoul, Korea Kusini, weka vidole viwili chini ya kila sikio, penye kona ya taya, kisha uma meno kwa nguvu. Kikituna kitu kama fundo, upana wako ni wa msuli wa kutafunia, na msuli hauhitaji msumeno. Botoksi, sindano ya kulegeza msuli, mara nyingi yuniti 20 hadi 30 kila upande, huupunguza taratibu. Baada ya miezi michache unarudi kuchomwa tena, nawe hujapoteza mfupa. Kama meno ya chini yanapita ya juu, hiyo ni operesheni nyingine kabisa, na kwa kawaida hutanguliwa na waya za meno.

Pasipotuna kitu, basi ni mfupa. Utalazwa kwa nusukaputi, fizi zipasuliwe kwa ndani, kona ya taya ikatwe kwa mkato mrefu unaokuja mbele. Kwenye kidevu hutolewa kipande cha katikati, pande mbili zikasogezwa na kufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Shida ni kwamba ndani ya mfupa huo inapita neva ya hisia za mdomo wa chini. Hutokea kwenye tundu chini ya magego madogo, na kabla ya kutoka hushuka kidogo na kujikunja, kwa hiyo mkato unatakiwa upite angalau milimita 5 chini ya tundu. Mwambie daktari akuoneshe njia hiyo kwenye skani ya CT, kulia na kushoto. Ganzi ya wiki au miezi ni ya kawaida. Ikikatwa neva, huenda usihisi tena uji ukikuchuruzika kidevuni.

Usimwombe akate sana. Mkato ukiishia ghafla, kona mpya huchomoza mbele ya ile ya zamani, na ngozi iliyokosa mfupa wa kuishikilia hulegea.

Damu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwaka 2016 kijana mmoja alivuja damu nyingi katika operesheni hiihii hapo Seoul, daktari akiwa na wagonjwa wengine, akafariki wiki saba baadaye. Tangu Septemba 2023 sheria ya Korea Kusini inataka kamera kwenye vyumba vya upasuaji wa nusukaputi. Kurekodiwa uombe mwenyewe, mapema, kwa maandishi. Uliza pia nani atashika kisu mwanzo hadi mwisho.

Baadaye uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Lala kichwa kikiwa juu, kunywa uji mwepesi na supu iliyochujwa, sukutua kila baada ya kula. Shingo ikivimba ghafla, au kumeza na kupumua kukiwa kugumu, usingoje asubuhi. Sura yenyewe utaiona baada ya miezi 6 au zaidi, kwa hiyo usihukumu kioo mwezi wa kwanza.

Niandikie kwanza vidole vimekuambia nini.

Wako akupendaye,
Mwanaidi