Barua kwa Mjomba kutoka Mississippi

Hattiesburg, Mississippi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipata, na picha ya mahindi pia. Huku tu wazima, ila joto linatunyoosha. Uliniuliza kama kweli Wazungu wote wa Kusini mwa Marekani walipigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini salio lingeisha kabla sijafika katikati. Tena mtu ninayetaka kukusimulia ni wa fani zako zote: jembe, bunduki, halafu kazi ya serikali pale pale kijijini kwake.

Anaitwa Newton Knight. Kwao ni Jones County, kaunti inayopakana nasi upande wa kaskazini. Ni nchi ya misonobari na mchanga, si ya mashamba makubwa ya pamba. Watu walilima mahindi na viazi vitamu, na nguruwe waliachiwa msituni wajitafutie. Mwaka 1860 watumwa walikuwa kama asilimia 12 tu ya wakazi, wachache kuliko kaunti yoyote ya jimbo hili. Babu yake Newton alimiliki watumwa wengi. Newton mwenyewe hakuwa na hata mmoja.

Mississippi ilipotaka kujitenga na Marekani ili kulinda utumwa, Januari 1861, watu wa Jones walimtuma John H. Powell mkutanoni Jackson, makao makuu ya jimbo, akapinge. Alipofika huko akapiga kura ya kukubali. Nyumbani wakatengeneza sanamu yake wakaichoma moto. (Wajumbe wa namna hiyo unawajua, sina haja ya kukueleza.)

Newton aliingia jeshini kama wenzake, jeshi la majimbo yaliyojitenga, yaani waasi. Kisha Oktoba 1862 ikaja sheria kwamba penye watumwa 20 au zaidi, Mzungu mmoja asamehewe vita abaki kuwasimamia. Yaani mwana wa maskini aende akafie mali ya tajiri, na tajiri akae barazani! Baada ya mapigano ya Corinth akatoroka. Mwaka uliofuata serikali ya waasi ikaongeza kodi ya sehemu moja ya kumi ya mazao, wakati huo wanaume wako vitani na wanaolima ni wanawake na watoto.

Oktoba 1863 watoro wa Jones wakajiunga pamoja, wakamchagua Newton awe nahodha wao. Maficho yao yalikuwa vinamasi vya mto Leaf, na waliitana kwa kupuliza pembe. Chakula na habari waliletewa na wake zao na watumwa, hasa Rachel, mtumwa wa ukoo wa Knight. Wanasimulia kwamba wanawake walimwaga pilipili ya unga njiani, mbwa wa kunusa wakifika hapo ni chafya tu. Walivamia pia ghala la Paulding lenye mahindi ya kodi, wakayagawa kwa watu. Mwaka 1864 Kanali Robert Lowry akaletwa na kikosi kuwasaka, akawanyonga kadhaa. Newton mwenyewe hakukamatwa. Lowry huyo baadaye akawa gavana.

Simfanyi malaika. Meja McLemore, aliyekuwa akiwasaka watoro, alipigwa risasi ndani ya nyumba mjini Ellisville, na karibu kila msimulizi humtaja Newton. Hadi leo kuna wanaomwita shujaa na kuna wanaomwita muuaji.

Mimi kinachonivuta ni yaliyofuata. Vita vilipokwisha 1865, jeshi la Marekani lilimpa kazi ya kugawa chakula kwa wenye njaa wa kaunti yake. Hebu fikiria, Mjomba: magunia ni yale yale, na kwenye foleni wamesimama waliokuficha na waliokuletea mbwa. Mwaka huo huo wapinzani wake waliomba kaunti ibadilishwe jina iitwe Davis, kwa heshima ya rais wa waasi, na wakakubaliwa. Jina la Jones likarudi baadaye. Mwaka 1872 aliteuliwa naibu mkuu wa polisi wa serikali kuu, na 1875 Gavana Ames akampa ukanali wa wanamgambo. Haikudumu. Wazungu waliokuwa upande wa waasi waliitwaa tena serikali ya jimbo kwa vitisho na damu, naye akarudi shambani.

Huko aliishi na Rachel, wakazaa watoto, na majirani wengi wakamtenga. Alifariki 1922, akazikwa karibu na Rachel. Mwaka 1948 kitukuu cha Rachel, Davis Knight, alihukumiwa miaka mitano kwa kuoa mwanamke Mzungu, eti yeye ni Mweusi. Mahakama kuu ya jimbo ikaifuta hukumu mwaka uliofuata.

Sasa na mimi nina swali. Ulipokuwa mwenyekiti na mahindi ya msaada yakaletwa, wale waliokupinga kwenye uchaguzi uliwapimia kwa debe lipi? Mama anasema lilikuwa moja, shangazi anacheka tu. Nijibu mwenyewe.

Hela ya mbolea nitatuma mwisho wa mwezi. Wasalimie wote.

Mpwa wako