Mutuba hauchunwi kwa ratiba ya watalii

Mhariri,

Kwa miaka 11 nimekuwa mwongoza watalii, zaidi kati ya Kampala na Masaka. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lubugo, kitambaa chetu cha magome ya mti wa mutuba, ambacho siku hizi kampuni nyingi za utalii zinakiweka kwenye ratiba zao.

Julai iliyopita nilipeleka wageni sita kwa fundi mmoja mzee, nje kidogo ya mji wa Masaka. Kampuni iliyonituma ilikuwa imewaahidi kwamba wataona mti ukichunwa. Mzee aliugusa mutuba kwa kiganja, akanivuta pembeni. "Mwanangu, huu hauna maji. Tungoje mvua." Lakini wageni walikwisha kutoa kamera, nami nikanyamaza. Akachuna. Gome likang'ang'ania shina, likapasuka vipande viwili, na chini likabaki limeraruka. Akalivisha shina majani ya mgomba, kama ilivyo ada, ili lisikauke. Kila mgeni alikuwa ameilipa kampuni dola 40 kwa ziara ile. Mzee alipata shilingi 20,000, na mkono uliompa ulikuwa wangu.

Gome la ndani la mutuba huchunwa wakati wa mvua. Hapo linaachia lenyewe, halafu fundi huligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, akianza na mifereji mipana na kumalizia na myembamba, ndani ya banda la wazi ili lisikauke haraka. Shina likitunzwa vizuri huota gome jipya, na mti mmoja huchunwa tena na tena kwa miaka mingi. Ufundi huo ndio UNESCO iliutangaza mwaka 2005 na kuuingiza mwaka 2008 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Lakini wageni wetu wengi huja kiangazi, Juni hadi Septemba, kwa sababu ndipo njia za kuwafuata gorila katika msitu wa Bwindi hupitika kwa urahisi. Ratiba inapangwa kwa ajili ya gorila, lubugo linachomekwa njiani, na mti unalazimishwa kutoa kisichokuwapo.

Anayedhani haya ni mambo ya mti tu aingie makaburi ya wafalme wa Buganda, Kasubi, Kampala. Pale ndani ni pazia la lubugo linalositiri msitu mtakatifu, walikolazwa Kabaka, yaani wafalme, wanne. Nyumba ile iliungua Machi 2010, na ikakaa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini hadi 2023. Nyumba tuliweza kuijenga upya. Fundi akichoka akaiweka nyundo chini, na mwanawe akaenda kuendesha bodaboda, nani atagonga lubugo la kutundika?

Ninachoomba si kusitisha ziara. Mafundi wanazihitaji, na wageni huondoka wameguswa kweli. Kiangazi kuna mengi ya kuonyesha bila kisu: jinsi matundu yanavyozibwa kwa viraka na kushonwa, jinsi kitambaa kinavyoiva rangi ya udongo mwekundu kikianikwa juani, na historia ya ukoo wa Ngonge, wenye kazi hii tangu enzi za wafalme wa kale. Kuchuna kubaki kwa wageni wa msimu wa mvua. Na sehemu ya fundi katika bei ijulikane kabla ya safari, alipwe mkononi mwake, isiwe bahashishi ya dereva. Bodi ya Utalii ingeweza kuliweka hili katika mafunzo ya waongozaji, maana mimi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuuona mti ukiraruka.

Nimezungumza na wageni watatu waliotaka kuja Agosti, wamekubali kusogeza safari hadi Novemba. Bei tumepanga na mzee mwenyewe. Ameshachagua mti watakaouona ukichunwa, na ule wa Julai amesema usiguswe mwaka huu.

Mwongoza watalii,
Masaka