Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya Mjomba, mpiga zeze wa Mvumi

Familia yetu ya Mvumi, wilayani Chamwino, pamoja na ndugu walioko Dodoma mjini, Kongwa na Dar es Salaam, inamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha katika msiba wa mpendwa wetu, ambaye kwa baadhi yetu alikuwa baba, kwa wengine kaka, na kwa watu wengi zaidi alikuwa Mjomba tu, wakiwemo wengi ambao hatujui undugu wao naye ulianzia wapi. Alitutoka alfajiri ya Alhamisi akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu, na tulimzika kijijini siku ya Jumamosi.

Mliomfahamu mnajua kwamba hakuwa mtu wa kuwekewa ratiba. Mwaka 1984 aliaga kuwa anakwenda Bagamoyo kwa juma moja kumtazama rafiki yake aliyekuwa akisoma Chuo cha Sanaa, akarejea baada ya misimu miwili ya mvua, mkononi ana zeze jipya na mfukoni hana hata senti. Shamba lake la uwele lilipaliliwa na dada zake, na hatuna budi kukiri kwamba maneno waliyoyasema siku zile hayafai kuandikwa katika salamu kama hizi. Lakini ni yeye aliyewafundisha watoto wa ukoo kupiga ilimba, ala ya vyuma vinavyoguswa kwa vidole gumba, na kuimba Kigogo kwa sauti za kupishana, kila mmoja akishika yake bila kuvutwa na ya jirani, na ni yeye aliyewaketisha mbele ya redio ya kaseti wamsikilize marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma hii hii, ili wajue kuwa muziki wa kwao umesikika mpaka ng'ambo.

Siku zake tisa za mwisho wodini zilikuwa nzito, kwani mikono ilivimba asiweze tena kushika upinde wa zeze. Tunamshukuru kwa namna ya pekee muuguzi wa zamu ya usiku aliyeturuhusu kuiweka ilimba chini ya mto wake, na ambaye usiku wa Jumanne aliketi kando ya kitanda akimsikiliza akigusa vyuma viwili vitatu kwa dole gumba mpaka usingizi ukamchukua. Dada yetu, Mungu akulipe, maana sisi hatuna cha kukulipa.

Mtihani mkubwa zaidi ulitukuta Ijumaa jioni tukiupeleka mwili nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tangu mchana, tukakuta korongo limefurika, na gari lililobeba jeneza likanasa kwenye tope zikiwa zimebaki kilomita mbili. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu, giza limeingia, simu hazina mtandao, na dada yake mkubwa, ambaye hatembei bila mkongojo, amejifunika kanga usoni asilione lile gari. Ndipo ng'ambo tukaona tochi, kisha tukasikia sauti za watu wakiimba kwa kupishana, kila mmoja akishika yake. Vijana wa kitongoji cha pili, bila kuitwa na mtu yeyote, waliingia majini hadi kiunoni, wakalipokea jeneza mabegani, kisha wakarudi kumbeba bibi yetu.

Shukrani nyingine ziende kwa fundi seremala aliyekataa malipo ya jeneza akisema deni la muziki wa harusi yake alikuwa hajalimaliza, na kwa mchungaji aliyeongoza ibada, ambaye wazee wawili walipouliza kama ni halali zeze kupigwa kaburini, aliwasomea Zaburi ya 150, inayolitaja zeze kwa jina, na mjadala ukaishia hapo.

Tunawashukuru pia madaktari, kwaya, uongozi wa kijiji, majirani wa Kikuyu na Chang'ombe, wafanyabiashara wa soko la Majengo, wenye bodaboda, mwenye trekta aliyelivuta gari asubuhi yake, wote waliotuma rambirambi kupitia kundi letu la WhatsApp, na akina mama wa kikundi cha muheme, ambao safari hii waliziacha ngoma nyumbani wakaja na kuni, unga na mlenda.

Tunaomba radhi, tena sana, kwa wote ambao hatukuwataja. Daftari la rambirambi lililowa usiku ule na kurasa kadhaa hazisomeki, hivyo usipopokea simu yetu usidhani tumekudharau. Zaidi ya wote tunawaomba radhi vijana wa korongoni, ambao gizani hatukuziona hata sura zao. Kandambili za bluu zilizokwama kwenye tope tumezipata na kuziosha, na ziko nyumbani kwa shangazi. Mwenyewe aje azichukue, na akija asiondoke kabla ya kula.