Jumamosi: mashine ya kusagia mawe

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu. Ile mashine yetu ya kusagia mawe ya vito, yaani kuyapa umbo, tunaiunda Jumamosi saa 3 asubuhi, kwa fundi welda pale mtaa wa Unga Limited, Arusha, siyo tena kwangu maana umeme unasumbua.

1. Mchango 15,000 kila mtu kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni. Ni ya shafti na beringi.
2. Diski za almasi za kukatia tailizi, inchi 4, tunataka 8, tunazibana pamoja kwenye shafti moja ziwe kama gurudumu. Chukueni zenye ukingo mzima, zenye mapengo zinagonga jiwe na kulimega, na zote ziwe saizi moja, moja ikizidi kidogo tu inachimba mfereji. Rubi ya Longido ni ngumu kweli inamaliza msasa haraka ndo maana nasisitiza almasi.
3. Nani ana mota ya mizunguko 1400 kwa dakika? Grainda ya mkono inakimbia mno.

Maji lazima yadondoke muda wote, vumbi la mawe linaharibu mapafu jamani, kila mtu aje na barakoa.

Andika NAKUJA na unaleta nini, kabla ya kesho saa 2 usiku. Asanteni sana.