Risala ya Jumuiya ya Watumia Maji kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maji Duniani, 22 Machi 2025, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chama na serikali mliofuatana naye, viongozi wa dini, wazee wetu na wananchi wote: karibuni sana Buha, nchi ya Waha.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi na barabara hii ya masika. Jumuiya ilianza na watu wachache wa kufyeka njia ya chemchemi. Leo ina katiba, akaunti benki na fundi wake. Mafanikio yetu ni makubwa na ya kupigiwa mfano tarafa nzima: tumeng'oa mikaratusi yote iliyokuwa ndani ya mita 60 za chanzo, tumepanda mikuyu, na kila kituo cha kuchotea maji kina msimamizi.

Kaulimbiu ya mwaka huu ni kuhifadhi barafu za milimani. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ingawa utafiti unaonyesha kwamba chemchemi za kule hulishwa zaidi na mvua ya ukanda wa msitu. Milima yetu haina barafu hata kidogo. Ghala letu ni udongo na miamba, na kinachozama humo wakati wa mvua ndicho tunachokunywa kiangazi chote. Ndiyo maana maji yanayomwagika njiani yanatuuma sana.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: tenki la kupunguza msukumo.

Kutoka kwenye banio, yaani pale tunapokinga maji ya chemchemi, hadi kitongoji cha bondeni ni mteremko wa mita 150 kwenda chini wima. Bomba letu ni la plastiki, milimita 63, daraja la PN10, yaani linahimili msukumo wa maji yaliyosimama kimo cha mita 100 tu. Mradi wa awali uliishia shuleni na bomba lilitosha. Liliposhushwa bondeni, hesabu haikupigwa upya. Mchana koki zikiwa wazi hali ni nafuu. Usiku zikifungwa maji husimama, msukumo wote hukaa kwenye maungio ya chini, na alfajiri tunakuta bomba limepasuka. Kubana valvu ya juu hakusaidii, maana maji yakishasimama msukumo ni uleule. Fundi hufunga ufa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Tukifunga maji ili atengeneze, bomba hunyonya tope kupitia ufa huohuo, na tope hilo ndilo linalofika kwenye ndoo za watoto.

Dawa yake inajulikana. Tenki dogo la zege la lita 2,000 lijengwe mahali palipo mita 70 chini ya banio kwa kimo, lipokee maji kwa koki ya boya, ile inayojifunga yenyewe tenki likijaa, likiwa na bomba la hewa na la kutolea ziada. Hapo msukumo huanza upya kutoka sifuri, na bondeni hubaki mita 80. Koki ya boya iwe ya shaba. Ile ya plastiki ya matenki ya nyumbani haitahimili.

Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa tunakumbusha kwamba ombi hili si jipya. Mwaka 2021 mgeni rasmi aliahidi hapahapa, tukampigia makofi. Mwaka 2023 wataalamu walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakatuambia tusubiri bajeti. Bado tunasubiri, na mchanga na kokoto tulizosomba kwa ahadi ile vimeota nyasi.

Wananchi tumeshatoa mchanga, kokoto, mawe na nguvu kazi. Kilichotushinda ni saruji, nondo, koki ya boya, viungio na siku chache za mhandisi wa kusimamia. Tunakuomba, kabla hujaondoka, uandike kwenye daftari letu la wageni utakachotoa, tarehe ya kukileta, na jina la ofisa tutakayemfuata. Katibu analo daftari na kalamu hapo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Jumuiya ya Watumia Maji